Marie Bonaparte na Swali la Mwanamke Anataka Nini

Kila anayesoma saikolojia mwaka wa kwanza hukutana na Sigmund Freud. Anapewa jina, tarehe na nadharia mbili tatu za kukariri, mtihani unapita, maisha yanaendelea. Marie Bonaparte hatajwi. Akitajwa, anatajwa kama yule tajiri aliyemsaidia Freud kuwakimbia Wanazi, basi. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, bila mama huyu sehemu muhimu ya tunachokijua leo kuhusu Freud ingeshakuwa majivu. Pili, jambo lililomsumbua maisha yake yote linatuhusu sisi tuliozaliwa Same na milima ya Upare, ingawa nyumbani hatulizungumzi mezani. Jambo lenyewe ni hili: mwili wa mwanamke una kasoro gani mpaka watu waone unahitaji kisu?

Nitataja viungo vya mwili kwa majina yake. Tuko chuo kikuu, na ukitaka kuelewa ukeketaji huwezi kuendelea kusema "kule chini" mpaka mwisho wa makala.

Alikotoka

Marie alizaliwa tarehe 2 Julai 1882 Saint-Cloud, jirani kabisa na Paris. Baba yake, Roland Bonaparte, alikuwa mjukuu wa Lucien, ndugu yake Napoleon wa Kwanza. Mama yake alikuwa binti wa François Blanc, mfanyabiashara aliyeijenga Monte Carlo kuwa mji wa kamari unaojulikana dunia nzima. Kwa hiyo jina kubwa lilitoka kwa baba, fedha zikatoka kwa mama. Mama alifariki mwezi mmoja tu baada ya kujifungua, na mtoto akawa mrithi wa mali nyingi kabla hajajua kukaa.

Alilelewa na bibi mzaa baba pamoja na watumishi. Baba hakuwa na muda naye, alikuwa mtu wa sayansi: jiografia, mimea, na kupiga picha za watu wa mataifa mbalimbali. Mwaka 1884 alisafiri hadi kaskazini kabisa mwa Ulaya kuwapiga picha na kuwapima watu wa kabila la Wasami. Hilo la kupima watu likumbuke, tutalirudia.

Binti alitaka kusoma udaktari. Nyumbani wakakataa, hata mitihani ya kumaliza shule hakuruhusiwa kufanya. Jamani, sisi tunaolalamika boom likichelewa wiki mbili, hebu fikiria mtu ambaye ukoo wake ungeweza kununua chuo kizima, lakini yeye haruhusiwi kuingia darasani kwa kuwa ni mwanamke wa ukoo mkubwa na kazi yake ni kuolewa vizuri.

Akaolewa kweli. Mwaka 1907 alifunga ndoa na George, mwana wa mfalme wa Ugiriki, wakapata watoto wawili, Peter na Eugénie. Ilikuwa ndoa ya heshima zaidi kuliko mapenzi. Kwa upande huo wa mumewe kuna jambo litakalomgusa msomaji wa Tanzania. Mdogo wake George, Andrew, alifukuzwa Ugiriki mwaka 1922, na familia yake ikapata hifadhi kwenye nyumba ya Marie kule Saint-Cloud. Alikuwa na mtoto mdogo wa kiume aitwaye Philip. Ndiye yule Prince Philip aliyekuja Dar es Salaam Desemba 1961 kumwakilisha Malkia wakati Tanganyika inapata uhuru. Dunia ni ndogo.

Vijitabu vitano

Mwaka 1924 baba yake alifariki. Marie alipokuwa akipanga vitu vya marehemu alikuta vijitabu vitano vidogo, mwandiko ni wake mwenyewe. Aliviandika akiwa na umri wa kati ya miaka saba na kumi, kwa Kiingereza na Kijerumani ili watu wa nyumbani wasielewe kirahisi. Ndani mna hadithi za ajabu ajabu za mtoto. Kilichomshangaza ni kwamba hakukumbuka kabisa kuziandika, wala hakuelewa maana yake.

Mwaka uliofuata, 1925, alikwenda Vienna kwa Freud akiwa na umri wa miaka 43. Freud alikuwa na karibu miaka 70 na anaugua saratani ya kinywa. Kwa wenzangu ambao hawasomi saikolojia, uchambuzi wa nafsi ulikuwa hivi: mgonjwa analala kwenye kochi, mchambuzi anakaa nyuma yake asionekane, mgonjwa anasema chochote kinachomjia kichwani bila kuchuja. Hurudi tena na tena, karibu kila siku. Freud aliamini kwamba mambo tuliyoyasukuma chini tangu utotoni hayafi, yanarudi kama ndoto, woga au maradhi yasiyo na sababu ya wazi.

Kwenye vijitabu vile Freud alisoma dalili kwamba Marie, akiwa mtoto mdogo sana, aliwahi kuwaona watu wazima wakifanya mapenzi. Marie alikataa. Lakini hakuishia kubisha. Alirudi Ufaransa akamtafuta mtumishi mzee wa nyumba yao, akambana kwa maswali mpaka mzee akakiri kwamba ni kweli, yeye na yaya walikuwa wakikutana mtoto akiwepo. Mimi hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Aliambiwa jambo na mtu maarufu kuliko wote katika fani, naye akaenda kuhakikisha.

Kutoka kuwa mgonjwa akawa mwanafunzi, kisha mchambuzi mwenyewe. Novemba 1926 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Uchambuzi wa Nafsi cha Paris, na mwaka 1927 fedha zake zikasaidia kuanzisha jarida la chama hicho. Alitafsiri vitabu vya Freud kwa Kifaransa. Mwaka 1933 alitoa kitabu kikubwa juu ya mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe, na Freud akamwandikia dibaji. Yote hayo bila shahada ya udaktari, wakati madaktari wengi wakisema kazi hii ni yao peke yao.

Sentimita mbili na nusu

Sasa tuingie kwenye kiini. Kabla hajamfahamu Freud, Marie alikuwa na shida iliyomuuma moyoni: hakuwa anafika kileleni katika tendo la ndoa. Madaktari wa wakati ule waliita hali hiyo ubaridi, kana kwamba mwanamke ni chai iliyosahauliwa mezani. Yeye akaamua kuichunguza kama mwanasayansi. Mwaka 1924 alichapisha makala katika jarida la kitabibu la Brussels kwa jina bandia la A. E. Narjani. Alikuwa ametumia vipimo vya wanawake 243 wa Paris na Vienna. Kilichopimwa ni umbali kutoka kinembe hadi tundu la mkojo. Dai lake: wanawake ambao umbali huo unazidi sentimita mbili na nusu hupata shida zaidi kufika kileleni kwa kuingiliwa peke yake.

Baba alipima vichwa vya Wasami, binti akapima wanawake wa mijini. Tofauti ni kwamba binti alikuwa anajitafuta mwenyewe kwenye jedwali.

Wengi walilicheka dai hilo kwa miaka. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Kim Wallen na Elisabeth Lloyd, walizichambua upya takwimu zake kwa hesabu za kisasa, wakakuta kwamba uhusiano aliouona kati ya umbali na kufika kileleni ulikuwepo kweli. Yaani mwanamke aliyenyimwa mtihani wa shule aliona jambo lililothibitika karibu miaka tisini baadaye.

Shida haikuwa kwenye kipimo, ilikuwa kwenye jibu. Kama umbali huo ni wa kawaida kwa wanawake wengi, maana yake rahisi ni kwamba wanawake wameumbwa tofauti tofauti, na mapenzi yafanyike kwa kuzingatia hilo. Marie hakufika hapo. Aliona mwili wake una kosa, ukarekebishwe. Mwaka 1927 alimwendea daktari wa upasuaji wa Vienna, Josef Halban, ili kinembe kisogezwe karibu na uke. Haikusaidia. Akapasuliwa tena mwaka 1930, na mara ya tatu mwaka uliofuata. Haikusaidia.

Freud hakupenda upasuaji ule, lakini nadharia yake haikumsaidia pia. Alifundisha kwamba raha ya kinembe ni ya kitoto, na mwanamke akikomaa raha hiyo inatakiwa kuhamia ukeni. Kwa hiyo Marie alikuwa kati ya wanaume wawili. Mmoja alimwambia tatizo liko mwilini na kisu kitaliondoa. Mwingine alimwambia tatizo liko akilini, hajakomaa. Hakuna aliyemwambia kwamba huenda hana tatizo. Ni Freud huyo huyo aliyemwambia Marie kwamba baada ya miaka thelathini ya kuichunguza nafsi ya mwanamke bado hajui mwanamke anataka nini. Kauli hiyo imekuwa maarufu sana. Watu husahau kwamba ilisemwa mbele ya mwanamke ambaye alikuwa ameeleza anachotaka kwa miaka kadhaa, tena kwa kulipia.

Elimu ya mwili imesonga mbele tangu hapo. Mwaka 1998 daktari wa Australia, Helen O'Connell, na wenzake walionyesha kwamba kinembe tunachokiona nje ni ncha tu. Sehemu kubwa iko ndani, imeuzunguka uke kwa pande mbili. Ule ugomvi wa "raha ya kinembe" na "raha ya uke" ulikuwa kama kubishana kama maji ni ya bomba au ni ya mto, na bomba lenyewe linatoka mtoni.

Kwa nini jina lake halijafa

Mwishoni mwa mwaka 1936 mfanyabiashara wa vitabu alimletea Marie mzigo wa barua. Zilikuwa barua za Freud kwa rafiki yake wa zamani Wilhelm Fliess, zilizoandikwa wakati mawazo ya uchambuzi wa nafsi yakizaliwa. Marie akazinunua. Freud aliposikia, akataka ziharibiwe. Marie akakataa. Fikiria: huyu ni mwalimu wake, mtu anayemwona kama baba, anamwomba, naye anasema hapana, hizi ni mali ya historia. Akaziweka benki Vienna. Wanazi walipoingia Austria mwaka 1938 alikwenda kuzitoa, zikavuka mpaka salama, na mwaka 1950 sehemu yake ikachapishwa. Leo huwezi kuandika tasnifu ya maana kuhusu mwanzo wa Freud bila barua zile.

Mwaka huo huo wa 1938 alimwokoa mwenyewe. Freud alikuwa Myahudi, na mnamo Machi binti yake Anna alikamatwa na Gestapo akahojiwa siku nzima. Marie alikwenda Vienna, akatumia jina la ukoo wake, fedha zake na watu aliowajua. Wanazi walidai kodi nzito kwa kila Myahudi aliyetaka kuondoka, Marie akatoa fedha hizo. Tarehe 4 Juni 1938 Freud alipanda treni, akapumzika siku moja nyumbani kwa Marie Paris, akaendelea hadi London ambako alifariki mwaka uliofuata. Majivu yake yakawekwa katika chombo cha kale cha Kigiriki alichopewa zawadi na Marie. Si wote waliookolewa. Dada wanne wa Freud walibaki Vienna. Marie alijaribu kuwatafutia vibali vya kuingia Ufaransa, ikashindikana, na wote walikufa mikononi mwa Wanazi.

Wakati wa vita yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi, akapita Misri hadi Afrika Kusini. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 77, alikwenda Marekani kumtetea Caryl Chessman, mfungwa aliyehukumiwa kifo, na hakufanikiwa. Alifariki Saint-Tropez tarehe 21 Septemba 1962. Mwaka 2004 Wafaransa walimtengenezea filamu, na mwigizaji Catherine Deneuve akaigiza nafasi yake.

Kutoka Mlima Elgon

Wasomaji wa huku wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki imo ndani ya mawazo ya Marie. Mwaka 1928 mtafiti wa Ulaya aitwaye Felix Bryk alichapisha kitabu kwa Kijerumani kuhusu maisha ya kimapenzi ya makabila yanayozunguka Mlima Elgon, Wanandi wakiwemo. Alieleza kwamba wasichana wa Kinandi wanakatwa kinembe kabla ya kuolewa. Freud alimpa Marie kitabu hicho akisome. Unaelewa kwa nini. Nadharia yao ilisema raha inatakiwa kuhama kutoka kinembe kwenda ukeni. Je, kule ambako kinembe kinaondolewa kabisa, raha inahama? Wanawake wa Kinandi wakageuka, bila wao kujua, mtihani wa nadharia ya Vienna.

Marie alilifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi, akazungumza na wanawake waliokeketwa mjini Cairo, na mwaka 1948 akachapisha makala yake juu ya ukeketaji. Humo alitoa wazo ambalo mimi naliona zito kuliko yote aliyoandika. Alisema ukeketaji wa Afrika una pacha wake Ulaya. Huku msichana anakatwa mwilini, kule anatishwa akilini tangu utotoni, anaambiwa kuugusa mwili wake ni dhambi na aibu, mpaka anajifunga mwenyewe. Kwa maneno mengine, yule mwanamke wa kifalme alikataa kusema kwamba washenzi ni wale wa mbali. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu kovu alikuwa nalo mwilini, tena la kulipia.

Wakati huo huo London, Jomo Kenyatta alikuwa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, mwalimu ambaye Prince Peter, mtoto wa Marie, naye alisoma kwake. Mwaka 1938 Kenyatta alichapisha *Facing Mount Kenya*, kitabu kinachoitetea mila ya kukeketa kama nguzo ya umoja wa Wakikuyu, baada ya mgogoro mkubwa wa mwaka 1929 kati ya wamisheni na Wakikuyu. Ukiutazama mjadala huo kwa jumla, utaona wamisheni wanaume wanasema acheni, wazee wanaume wanasema hatuachi, wanazuoni wanaume wanaandika vitabu. Mwenye mwili anasubiri nje.

Kilichotokea Meru mwaka 1956 kinaonyesha matokeo yake. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wengi wakaasi, wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajikata mwenyewe. Marufuku iliyotoka juu bila mazungumzo iliwafanya waikumbatie mila iliyokuwa inawaumiza.

Huku kwetu

Wilaya ya Same watu huijua kwa mkonge, tangawizi ya Mamba Myamba, mpunga wa Ndungu, na upepo wa stendi unaokuvua kofia. Ukitoka tambarare ukapanda kuelekea misitu ya Shengena unaingia nchi ya baridi, migomba na mifereji. Huko juu na huko tambarare, kwa Wapare na kwa jirani zetu Wamasai, ukeketaji upo katika historia, na kwenye baadhi ya familia upo katika sasa.

Kitaifa hali imebadilika sana. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kwamba mwaka 1996 asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2015/16 ilikuwa asilimia 10, na mwaka 2022 asilimia 8. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, tunayoiita SOSPA, inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Angalia maneno hayo: chini ya miaka 18. Dada mwenye miaka 20 anayebanwa na wakwe kabla ya harusi kifungu hicho hakimtaji.

Tena kuna jambo linalofanana na la Meru. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliokeketwa walifanyiwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Mila ambayo sehemu nyingi ilikuwa unyago, yenye ngoma, mafundisho na chakula, inageuka jambo la siri la mtoto mchanga asiyeweza kusema wala kukumbuka. Hebu rudi kwa Marie na vijitabu vyake. Yeye angalau alikuwa na maandishi yaliyomwambia mtu mzima kwamba jambo fulani lilimpata utotoni. Dada aliyekatwa akiwa na miezi mitatu hana kijitabu. Anafika chuo, anasoma somo la anatomia au anasikia wenzake bwenini wakiongea, ndipo anagundua kwamba mwili wake una habari ambayo hakuna aliyemwambia.

Nilimuuliza bibi yangu likizo iliyopita, tukiwa tunachambua maharage. Ana zaidi ya miaka themanini. Sikutegemea ajibu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mjukuu wangu, tulifanyiwa na mama zetu, na mama zetu walitupenda. Lakini hakuna aliyeniuliza." Nikamuuliza, "Wangekuuliza, bibi, ungesema nini?" Akacheka. "Ningesema ngoja kwanza nile ubwabwa, ndipo nikimbie." Tukacheka wote, kisha akaniambia nisimalize maharage bila kutoa mawe.

Nimeyaweka maneno ya bibi hapa kwa sababu yana mambo mawili ambayo kampeni nyingi hazibebi kwa pamoja. Waliokata walipenda watoto wao. Na hawakuuliza. Ukiwaita mama zetu wanyama, mlango unafungwa. Ukisema ni upendo tu tuache, kisu kinabaki.

Wako watakaosema wanawake wa Kipare wa zamani hawakuwa na sauti, kwa hiyo wangeulizwa wasingejibu. Historia inakataa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upareni kodi mpya iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, ikaitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakakaa Same, makao makuu ya wilaya, wakigoma. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kuhusu vuguvugu hilo. Wanaume walipokaa huko muda mrefu bila suluhisho, wanawake wa Usangi walimkabili ofisa Mwingereza, bwana shauri. Wakamwambia achague: amalize ugomvi na waume zao, la sivyo awape mimba wote yeye mwenyewe. Hatimaye kodi ile ikaondolewa.

Freud na Marie walikuwa wamekaa Vienna wakijiuliza mwanamke anataka nini. Miaka michache baadaye, kwenye mteremko wa Upare, wanawake walilitaja wanalotaka hadharani, mbele ya serikali, wakiutumia mwili wao kama hoja. Sauti ilikuwepo. Ilipohusu kodi ilitoka. Ilipohusu kisu haikuombwa.

Tuchukue nini

Sisemi tumfuate Marie katika kila kitu. Nadharia yake ya mwanamke, aliyoikusanya katika kitabu cha mwaka 1951, bado ilimchukua mwanamume kama kipimo na mwanamke kama mwanamume aliyepungukiwa. Na aliuamini mkasi kuliko alivyouamini mwili wake. Hayo tuyaache huko huko Vienna.

Tuchukue tabia zake tatu. Aliuliza, hata kwa jina bandia, swali ambalo wanawake wa hadhi yake walitakiwa kufa nalo. Alihakikisha, akaenda mpaka kwa mtumishi mzee badala ya kumeza neno la profesa. Na alihifadhi, hata pale mwenye barua alipotaka ziharibiwe.

Wenzangu mnaotoka Same, Mwanga na kwingineko, kila likizo tunapanda basi na simu zenye kinasa sauti mfukoni. Bibi zetu wanaondoka. Ukikaa na bibi yako jikoni, ukamuuliza kwa heshima na bila haraka, ukamwomba ruhusa ya kurekodi, unakusanya kitu ambacho maktaba yetu haina. Na kama wewe ni dada uliyegundua habari ya mwili wako ukiwa tayari chuoni, fahamu kwamba kovu si kasoro yako. Hakuna nadharia ya kukomaa unayotakiwa kuitimiza. Ukihitaji kuzungumza, mtafute mshauri wa wanafunzi au mhudumu wa afya unayemwamini. Ukihitaji kunyamaza kwa sasa, nyamaza, ni haki yako pia.

Kaka zetu nao wana kazi. Ukikaribia kuoa, na shangazi au mama mkubwa akauliza kama huyo binti "amesafishwa", jibu ni moja na ni fupi: hilo halituhusu. Ukilisema wewe mwanamume mbele ya ukoo, umemwondolea mwenzako mzigo mkubwa.

Maswali ya mjadala kwa vikundi vya kusoma

1. Marie alikataa ombi la Freud la kuharibu barua. Je, mtafiti ana haki ya kuhifadhi siri ya mtu dhidi ya matakwa ya mwenyewe? Vipi kuhusu rekodi za bibi zetu?
2. Ngaitana wa Meru na ukeketaji wa watoto wachanga nchini kwetu vinatufundisha nini kuhusu sheria isiyoambatana na mazungumzo?
3. Je, kuna vitisho vya akilini, kama vile vya Ulaya alivyovieleza Marie, ambavyo wasichana wa chuo hiki wanavipata leo bila kuguswa na kisu? Vitaje.